Bora kwa Barabara Ipi?

Neno bora halisimami peke yake. Kila linapotajwa huuliza maswali mawili: bora kwa nani, na bora wapi? Jembe lililo bora katika mchanga wa pwani si lazima liwe bora katika udongo wa Mbozi, na mtumbwi ulio bora katika mto mtulivu huweza kumzamisha mwenyewe baharini. Mtu atajaye ubora pasipo kujibu maswali hayo mawili hajasema neno. Amepiga kelele tu. Hata hivyo lugha yetu imezaa kitenzi kutokana na neno hilo, nacho ni kuboresha, na kitenzi hiki sasa chapita mikononi mwa watu kama sarafu ambayo hapana aipimaye. Kila badiliko huitwa uboreshaji, na aliyebadili hupewa sifa kabla kazi yake haijaonwa.

Nataka kuipima sarafu hiyo katika jambo moja, jambo la chuma na mpira na mafuta, ambalo huenda msomaji akaliona dogo kwa jarida la namna hii. Jambo lenyewe ni springi za motokaa za mbio za zamani. Nazungumza juu ya motokaa ndogo, nyepesi, zenye viti vichache na mwendo mwingi, kama Datsun 240Z ya Wajapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, MGB ya Waingereza iliyotengenezwa tangu 1962 hata 1980, na Porsche 911 ya Wajerumani. Zimekwisha kuwa kuukuu, lakini hazikukosa wapenzi, na wapenzi hao hawakosi desturi yao. Mtu akiipata motokaa ya namna hiyo, kabla hajaijua tabia yake, huipeleka gerejini, huifunga springi fupi na ngumu, huishusha mpaka tumbo lake likaribie ardhi, kisha huwaambia wenzake kuwa ameiboresha. Mimi nakana. Nasema kuwa, katika barabara zetu, aghalabu ameiharibu, na kwamba uharibifu huo una mzizi mrefu kuliko springi.

Dai langu ni hili: barabara ndiyo swali, na springi ndiyo jibu. Jibu hupimwa kwa swali lake. Achukuaye jibu la swali la watu wengine na kulifunga chini ya motokaa yake hajaboresha kitu, amenakili.

Nauchagua mji wa Tunduma na mkoa wa Songwe kuwa mizani ya hoja hii, wala sababu yangu si mapenzi tu. Mkoa huu, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016 na kupewa Vwawa kuwa makao yake, umepitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Tunduma ndio mlango wenyewe. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Hapo hupita shaba ya Zambia na ya Kongo ikishuka bandarini, na mafuta na bidhaa zikipanda. Hapo malori hupanga foleni ndefu. Hapo pia hupita motokaa zilizokwisha kutumika Japani, zilizopokewa katika bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa njia nzima kwenda Zambia na Kongo, ambazo watu huziita magari ya IT. Kwa hiyo kila umbo la motokaa limepata kuonekana Tunduma, la juu na la chini, na makosa mengi ya springi yamekwisha kuhukumiwa na barabara ile.

Barabara ina lami, lakini lami si zulia. Malori mazito yameikandamiza hata pakafanyika mifereji miwili ya magurudumu katika sehemu kadha, na kati ya mifereji hiyo umebaki mgongo. Motokaa iliyoshushwa huukwangua mgongo huo kwa tumbo lake. Vijijini yamewekwa matuta ya kupunguza mwendo, nayo ni ya haki, maana watoto huvuka kwenda shule. Katika mteremko wa Senjele malori yamewahi kushindwa kusimama na watu wamepoteza maisha. Hapo dereva aweza kutakiwa kukwepa ghafula kwenda ukingoni, na ukingo haukutandikwa kwa ajili ya mtu aliyeacha sentimita chache tu kati ya chuma chake na mawe. Ukiiacha lami na kuingia njia za mashamba ya kahawa ya Mbozi, au njia za Ileje na Momba, utakuta vumbi na mawe wakati wa kiangazi, na tope la kuteleza tangu Novemba hata Aprili. Hilo ndilo swali. Springi ya Tunduma hailikwepi.

Tena barabara hii ina historia isiyoruhusu mzaha. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia ilitiwa mashaka na mafuta yakakatwa. Zambia ikageukia Dar es Salaam. Malori yalibeba mafuta wakati wa kwenda na shaba wakati wa kurudi, juu ya njia ya vumbi na tope ambayo kwa hatari zake ilipewa jina la jehanamu. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, ambayo nayo yapita Tunduma, ikaanza kazi kamili mwaka 1976. Katika miaka ile ya kwanza hapana aliyeuliza kama gari lapendeza likisimama. Waliuliza kama litafika.

Sasa tuitazame kazi ya springi yenyewe. Gurudumu likipanda jiwe, bodi ya gari, kwa uzito wake, hukawia kupanda nalo; springi hujikunja kati yao, huliweka pigo akibani, kisha hulirudisha. Springi ikiachwa peke yake ingerudisha tena na tena, na gari lingepanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Ndipo shokapu huingia kazini: mafuta yaliyomo ndani yake hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya pigo hugeuka joto na kupotea hewani. Springi hupokea, shokapu hutuliza. Wengi hudhani kazi ya viwili hivi ni raha ya abiria. Raha ni faida ya pili. Kazi ya kwanza ni kulishikisha tairi na barabara, maana tairi lililo hewani halisimamishi gari, haligeuzi gari, wala haliendeshi gari.

Tufanye hesabu ndogo, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Nguvu inayowekwa ndani ya springi hukua kwa mraba wa umbali inaojikunja. Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya chuma kugonga chuma. Mwenye motokaa akiishusha kwa sentimita 4, amebakiwa na nusu ya safari. Ili nusu hiyo imeze pigo lile lile lililokuwa likimezwa na safari nzima, springi mpya haina budi kuwa ngumu mara 4. Lakini springi ziuzwazo kwa ajili ya kushusha motokaa za njiani aghalabu hazifikii ugumu huo hata kwa mbali, kwa sababu zingefikia, mwenyewe angekaa ndani ya motokaa yake kama aliyekalia tofali. Basi shimoni hutokea nini? Safari huisha, mpira wa kuzuia hugongwa, na sehemu ya pigo iliyobaki huingia katika bodi, katika viungo vya gari, na katika uti wa mgongo wa dereva. Springi imeshindwa kazi yake, na motokaa nzima imelazimishwa kuifanya.

Wapo ambao, kwa kukosa fedha ya springi mpya, hukata zile za zamani. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ikikatwa mzunguko 1, ugumu wake huongezeka kwa sehemu 1 katika 7, yaani kama asilimia 14, na gari hushuka. Mkataji hufurahi kuwa amepata vitu viwili kwa bei ya msumeno. Lakini linganisha: ugumu umeongezeka kwa asilimia 14, na safari ya gurudumu yaweza kuwa imepungua kwa thuluthi au nusu. Amenunua kidogo kwa kingi. Zaidi ya hayo, ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, na gari likiinuliwa kwa jeki au likiruka, springi yaweza kulegea na kuhama. Mbaya kuliko huyu ni yule achomaye springi kwa moto wa gesi mpaka ikalala. Moto umekiondolea chuma uwezo wa kurudi. Kilichobaki ni umbo la springi, si springi.

Iko hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika Datsun 240Z kila gurudumu husimama juu ya nguzo yake yenye springi na shokapu, nalo hushikwa chini kwa mkono wa chuma. Motokaa ikishushwa mno, mikono hiyo huinama vibaya, ikawa upande wa gurudumu uko juu kuliko upande wa bodi. Hapo ile nukta ambayo bodi hulalia katika kona hushuka kwa haraka kuliko uzito wa motokaa unavyoshuka. Matokeo ni kinyume cha matumaini: kwa springi ya ugumu ule ule, motokaa iliyo chini zaidi hutaka kulala zaidi katika kona. Vijiti vya usukani navyo hupata pembe isiyokusudiwa na mhandisi, hata gurudumu likipanda tuta hujigeuza kidogo lenyewe, ingawa mikono ya dereva imetulia. Mtu amelipa fedha apate utiifu, akapata ukaidi.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni maneno ya ubaoni. Sivyo. Yalikwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki, mbele ya ulimwengu, kwa miaka mingi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ndogo, ambayo badala ya springi za mzunguko ina fimbo za chuma zinazosokotwa, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404, motokaa ya baba na watoto, maarufu kwa springi zake laini zenye safari ndefu, ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na katika ushindi huo, wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa mbaya hata zikafika mwisho motokaa 7 tu, na miaka yote miwili ya kwanza katika hizo 7 ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Waliokuwa na nguvu nyingi za injini walibaki njiani. Waliokuwa na miguu mizuri walifika.

Mtu asiseme kuwa hizo zilikuwa motokaa za familia, na kwamba motokaa ya mbio ina sheria yake. Datsun 240Z ilishinda Safari ya mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ile ya mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Haikushinda ikiwa imelala chini. Ilisimama juu, ikakingwa tumbo lake, ikapewa miguu ya kuvumilia. Porsche nao walikuja mwaka 1978 na motokaa zao za 911. Hawa ni watu ambao jina lao duniani limejengwa juu ya mwendo na viwanja vya mashindano. Walifanya nini? Waliiinua 911 mpaka nafasi kati ya tumbo na ardhi ikawa takriban sentimita 28, wakaikaza bodi yake, na Vic Preston mwana akashika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504. Na Safari ya motokaa za zamani ilipoanzishwa mwaka 2003, Björn Waldegård aliishinda mwaka 2011 katika 911 iliyoinuliwa kwa fikira ile ile.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Wahandisi wa Ulaya na Japani walivuka bahari wakaja kuiuliza barabara ya Afrika Mashariki inataka nini. Barabara ikawajibu: inueni, lainisheni, imarisheni. Wakatii, wakashinda, wakarudi kwao na elimu. Nasi, wana wa barabara hiyo hiyo, twachukua picha za viwanja laini vya kwao na kuzifanya sheria ya gereji zetu. Wao walijifunza kwetu kuinua, na sisi twajifunza kwao kushusha. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, na hii si ya kuazima tu: imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Nitazijibu sasa hoja za wapinzani, maana si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Wa kwanza husema: lami imefika. Ni kweli. Hata njia ya Tunduma kwenda Sumbawanga, iliyokuwa mateso, ilipata lami katika miaka ya 2010. Lakini lami haikuondoa swali, imelibadili. Zamani pigo lilikuja polepole na mara nyingi. Sasa huja ghafula, na dereva akiwa katika mwendo mkubwa: shimo moja katika kilomita kumi nzuri, tuta lisilo na alama, mfereji wa magurudumu uliojaa maji. Pigo la ghafula katika mwendo mkubwa lahitaji safari ndefu ya springi kuliko pigo la polepole. Afikiriaye kuwa lami ni ruhusa ya kushusha ameitazama barabara akiwa amesimama.

Wa pili husema: springi ngumu ndiyo iletayo mwendo na mshiko. Katika uwanja uliosawazishwa kama meza, lina ukweli wake. Lakini hata kwao walio mabingwa hawakulifanya dini. Lotus Elan ya mwaka 1962, kazi ya Colin Chapman, yahesabiwa hata leo miongoni mwa motokaa zilizotii usukani kuliko zote. Nayo ilikuwa na springi laini zenye safari ndefu, na shokapu zilizopimwa vizuri kuzitawala. Kabla yake, katika miaka ya 1930, mhandisi Maurice Olley wa General Motors huko Marekani alionyesha kuwa gari hutulia ikiwa springi za mbele ni laini kidogo kuliko za nyuma kwa kadiri ya uzito zinaoubeba, kwa kuwa pigo hufika mbele kwanza, na nyuma yapaswa kuifuata mbele na kuifikia. Anayefunga springi ngumu mbele ili pua ya motokaa yake iiname kwa uzuri amepindua kanuni hiyo, kisha hushangaa motokaa yapiga magoti na kuinuka kama mtu asiyemaliza sala yake. Ugumu si ujuzi. Jiwe ni gumu, wala halikimbii.

Wa tatu husema: ni mali yangu, na yanipendeza hivyo. Uzuri siudharau, na mali ya mtu ni yake. Lakini barabara si yake. Motokaa inayojigeuza yenyewe juu ya tuta hupita karibu na mwanafunzi aendaye shule. Tairi linaloruka katika mteremko wa Senjele haliruki mbele ya mwenyewe peke yake. Asemaye ni mali yangu ataje pia ni watoto wa nani wanaotembea ukingoni. Na kuhusu uzuri, niruhusiwe kuuliza: ni uzuri gani wa mkimbiaji ambaye hawezi kuvuka kizingiti? Umbo la motokaa ya mbio lilipendeza kwa sababu lilionekana kuwa tayari kwenda. Ikiwa haiwezi kutoka Tunduma kufika Vwawa pasipo kukwangua, basi ni sanamu.

Wa nne ni adui wa upande wa pili, naye hunisifu asiponielewa. Ni yule asemaye kuwa motokaa ya zamani isiguswe kabisa, kwamba kila kilichotoka kiwandani ni kitakatifu. Namwambia kuwa mpira hauna utakatifu. Bushi za mpira zilizokaa miaka 50 zimekauka na kupasuka. Shokapu zilizovuja hazina tena mafuta ya kutuliza. Na kuziacha kwa jina la uasilia ni kuiacha motokaa itembee kwa mifupa iliyovunjika. Tena kiwanda nacho kilijibu swali la mahali pake. Soko kubwa la Datsun 240Z lilikuwa Marekani, na jibu la kiwanda lilikuwa jibu la barabara za huko. Heshima kwa mhandisi haimo katika kulikariri jibu lake. Imo katika kufuata njia aliyoitumia kulipata.

Basi uboreshaji wa kweli ni upi? Nausema waziwazi, ili nisionekane kuwa hodari wa kubomoa tu. Kwanza, mwenye motokaa aipite njia yake ya kila siku na kuitazama: matuta, mifereji, mizigo, mvua. Pili, azihuishe bushi, boli jointi na beringi kabla ya kununua springi yoyote. Wengi wanaolalamikia springi wanalalamikia bushi zilizokufa. Ajihadhari na bushi za plastiki ngumu, maana zile huupitisha ndani ya bodi mtikisiko ambao mpira uliumeza. Tatu, aichunguze bodi mahali miguu inaposhikwa, aondoe kutu na kuunga vipande vya kuimarisha, kwa kuwa miguu imara juu ya bodi iliyooza ni hatari mpya. Nne, anunue shokapu zinazovumilia joto, kwa maana katika njia ndefu ya mashimo mafuta huchemka na kuumuka povu, na shokapu isiyohimili hukata tamaa kabla ya dereva. Tano, ndipo achague springi: ziwe na safari ya kutosha, ziongezwe ugumu kwa kadiri ya uzito uliozidi tu, na ziiweke motokaa juu kidogo kuliko kiwanda kilivyoiweka, si chini. Sita, avae matairi yenye ukuta mnene, maana ukuta wa tairi ni springi ya kwanza ambayo pigo hukutana nayo. Saba, aikinge injini kwa bamba la chuma. Mwenye kuyafanya haya hatapigiwa makofi na wapita njia, kwa sababu kazi yake haionekani. Ataisikia mikononi na mgongoni, akiteremka Senjele wakati wa mvua.

Imebaki sababu ya kuyaleta haya mbele ya wasomi, nisiyaache gerejini. Elimu ya springi ipo Tunduma. Imo vichwani mwa mafundi wa kando ya barabara waliokwisha kuyatazama matumbo ya malori maelfu, na wajuao kwa sauti tu kama ni bushi au ni boli jointi. Imo pia katika lugha yao. Springi, shokapu, bushi, jeki, gereji: maneno haya yalivuka bahari, na watu wenye mikono ya mafuta wakayapa sauti ya Kiswahili na sarufi ya Kiswahili, wakayatumia kazini kabla ya kamusi kuyapokea. Hayo ndiyo maazimo yaliyoulizwa maswali yetu mawili: bora kwa nani, na bora wapi? Maneno yakarekebishwa kwa barabara ya ulimi wetu. Lakini maarifa yenyewe hayajaandikwa. Kijana atakaye kujua kwa nini springi iliyokatwa ni hasara hutafuta kwa lugha ya kigeni, na humo hukuta majibu ya viwanja vya kigeni, akayachukua yote mawili, lugha na kosa. Fundi ana ujuzi pasipo kalamu, mwanachuo ana kalamu pasipo ujuzi, na katikati yao hupita mfanyabiashara wa springi fupi.

Kwa hiyo lawama yangu haiishii kwa kijana aliyeishusha motokaa yake. Alifanya alilolisoma, na alilolisoma liliandikwa na wengine kwa ajili ya wengine. Sehemu kubwa ya lawama ni yetu tulio na karatasi. Mwanafunzi wa uhandisi aende Tunduma na Vwawa akapime springi na mashimo, aandike kwa Kiswahili alichokipima. Mwanafunzi wa lugha aende naye, akakusanye majina ya viungo vya gari kutoka vinywani mwa mafundi kabla hajabuni ya kwake mezani. Na kila asikiaye neno kuboresha, liwe limesemwa gerejini, ofisini au darasani, asilipokee mpaka msemaji ametaja mahali. Akishindwa kutaja, motokaa irudishwe juu ya jeki na springi zake za kwanza zitafutwe.